Wafu Waliovuka Uzio

Samaki wa kwanza Okalena Egnaty alimwokota kwa mkono mtupu, maana glavu alizisahau botini, na harufu ile haikumtoka hadi kesho yake. Alikuwa samoni dume aliyekufa zamani, mdomo umepinda kama ndoana, ngozi nyeupe na laini kama karatasi iliyolowa. Hakuwa na mkia. Ulikuwa umekatwa kwa kisu, mkato mmoja ulionyooka.

"Humo kidimbwini wapo wengine," alisema Dale Brubaker, akiwa amesimama kwenye maji yaliyomfika magotini. "Nimehesabu thelathini nikaacha. Wote hawana mikia."

Okalena alikuwa afisa wa usalama wa kijiji cha Napaqutaq. Kazi yake ilikuwa kuamua ugomvi wa walevi, kutafuta boti zilizokata kamba na kuwarudisha makwao watu waliopotea kwenye ukungu. Samaki waliokufa hawakuwahi kumletea kesi. Lakini asubuhi hiyo Dale, msimamizi wa kazi ya kuhesabu samoni, aliyefika kwa ndege ndogo kutoka mjini, alimwita kwa redio na kumwambia kuna mtu ametoboa uzio.

"Nieleze polepole," Okalena alimwambia, "kama unamweleza mtu asiyejua kitu. Uzio uko pale juu. Samaki wako hapa chini. Tatizo liko wapi?"

Dale alionyesha kwa kidole. Juu ya kidimbwi, mahali pa kutupa jiwe likafika, safu ya mabomba ya plastiki ilikuwa imefungwa kutoka ukingo mmoja wa Mto Atsaq hadi mwingine, na katikati yake palikuwa na lango moja jembamba. Samoni aliyetaka kupanda kwenda kuzaa ilimbidi apite langoni, na juu ya lango alikaa fundi akiwahesabu mmoja mmoja.

"Samaki akishazaa anakufa huko juu," Dale alisema. "Mafundi wangu wanatembea ukingoni, wakimkuta wanamhesabu, wanachukua magamba na kijiwe cha ndani ya sikio vya kupimia umri wake, halafu wanamkata mkia ili asihesabiwe tena. Kwa hiyo samaki asiye na mkia amekufa juu ya uzio. Sasa amefikaje chini yake?"

"Kuna tundu."

"Kuna tundu. Na penye tundu la mfu kushuka, mzima naye anashuka, anapanda tena, tunamhesabu mara ya pili. Siwezi kupeleka hesabu ya namna hiyo ofisini. Nitaifuta."

"Ukiifuta?"

"Nyavu hazitaruhusiwa."

Okalena hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kutoka pale hadi kijijini, na kutoka kijijini hadi kwenye mto mkubwa, vichanja vya kukaushia samaki vilikuwa vitupu tangu mwanzo wa kiangazi. Watu walikuwa wakingoja idadi ifike kiwango ili watupe nyavu kabla baridi haijaingia, na idadi ilikuwa imefika juzi. Hata kichanja cha mama yake, ambaye mwaka jana wakati kama huu alikuwa hai na akimkaripia kwa kukata samaki vipande vinene, kilikuwa kimekaliwa na kunguru.

"Unapeleka taarifa lini?"

"Leo jioni kwa redio. Na kuna jambo la pili." Dale alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu karibu. "Maxim anaapa kwamba uzio ni mzima. Anasema anaukagua kila siku. Kama kuna tundu na yeye amesema hakuna, basi ama mvivu ama mwongo, na kwa vyovyote vile siwezi kumrudisha kazini mwakani."

"Haya. Nipe mpaka jioni."

Dale alikwenda kuvaa miwani ya kuzamia. Alitaka kuukagua uzio mwenyewe, bomba kwa bomba. Okalena hakuondoka kidimbwini. Alichukua kasia akakorogakoroga chini, kwenye matope, mahali ambapo maji yalizunguka polepole bila haraka ya kwenda popote. Kitu chepesi kikainuka kikaelea. Akakidaka. Ulikuwa mkia.

Akakoroga tena. Ukaja mwingine, halafu miwili kwa pamoja.

Aliipanga minne yote juu ya jiwe, akachuchumaa akaitazama. Kisha akamrudia yule dume wa kwanza, akafungua matamvua yake kwa kidole gumba na kuchungulia ndani. Palikuwa na uji wa kijivu umeganda katikati ya nyama. Akausugua baina ya vidole. Ulikuwa na chengachenga.

Maxim Uttuk na mwenzake Lorraine Kusayak walikuwa wameketi mbele ya hema la kazi, wamevaa suruali zao za mpira, wakinywa chai bila kusemeshana. Maxim alikuwa kijana mwenye mabega mapana na aibu nyingi. Lorraine alimzidi umri kwa miaka mingi na maneno kwa mengi zaidi.

"Umekuja kutufunga, shangazi?" Maxim alisema.

"Pingu nimeziacha na glavu. Sogea nikae."

"Mfunge tu," Lorraine alisema. "Anakoroma. Kiangazi kizima nimelala kama niliyelazwa karibu na injini ya boti."

"Lorraine, mkimkata samaki mkia huko juu mtoni, mkia mnaufanya nini?"

"Tunautupa. Tufanye nini nao, mkufu?"

"Mnautupa wapi?"

"Popote mkono unapoelekea. Majanini, majini, kichwani kwa Maxim."

"Na samaki mwenyewe?"

"Tunamwacha alipo. Dubu na ndege wanamaliza."

Okalena alitoa mfukoni mkia mmoja kati ya ile minne, ameufunga kwenye mfuko wa plastiki, akauweka juu ya sanduku. "Huu nimeutoa kidimbwini. Ulikuwa pamoja na wenzake, na samaki waliokatwa mikia hiyo wapo hapohapo. Sasa niambieni. Samaki umemkata huko juu, mkia ukaenda majanini, mwili ukabaki kwenye mawe. Vikasafiri vyote viwili, vikapita kwenye tundu moja, vikakutana kwenye kidimbwi kimoja?"

Maxim aliweka kikombe chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama Okalena machoni tangu afike.

"Haiwezekani," alisema. "Mkia ni mwepesi, unakwenda na maji. Mwili unabaki kwenye mawe."

"Kuna mahali pengine mnapokata mikia?"

Mafundi walitazamana. "Kuna hapa," alisema Lorraine. "Wapo wanaokufa juu wakaletwa na mkondo mpaka hapa, wanakwama kwenye uzio. Zamani tulikuwa tunawahesabu, tunawarusha upande wa chini, wanakwenda zao. Mwaka huu Dale hataki. Anasema wakirundikana chini ya uzio watavuta dubu. Kwa hiyo tunawakata mkia, tunawatia shimoni."

"Na mikia?"

"Shimoni vilevile."

"Halafu mnamwaga nini juu yake?"

"Majivu ya jiko," Maxim alijibu, "kupunguza harufu." Akasita. "Umejuaje?"

"Nionyesheni hilo shimo."

Lilikuwa nyuma ya hema, kwenye kilima kidogo, limefunikwa kwa ubao mpana uliolemewa na jiwe. Maxim aliviringisha jiwe, akauinua ubao, na wote watatu wakarudi nyuma hatua kwa harufu. Lorraine aliziba pua akachungulia, halafu akaitoa mikono puani kwa mshangao.

"Mbona limepungua?"

Masikio ya Maxim yalikuwa yamegeuka mekundu.

"Maxim," Okalena alisema. "Ulijua limepungua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani ni dubu, shangazi. Tukirudi kutoka huko juu nakuta pamepungua. Nikasema ni dubu. Nikimwambia Dale kuna dubu anakula kambini, atafunga kambi, atatupeleka mjini sote, na hesabu itakatika. Ilikuwa imebaki kidogo tu ifike."

"Ulipokuta pamepungua, ubao ulikuwa wapi?"

"Juu ya shimo."

"Na jiwe?"

"Juu ya ubao."

"Maxim mwanangu. Dubu gani huyo, akimaliza kula anafunika sahani?"

Lorraine alicheka mpaka ikambidi ashike mti. Maxim mwenyewe alijaribu kujizuia, akashindwa. Okalena aliwaacha wacheke. Alikuwa amekwisha piga magoti kwenye majani upande wa pili wa shimo. Kutoka hapo hadi chini mtoni, majani yalikuwa yamelala upande mmoja kwa mstari mpana, kama yamepigwa pasi. Dubu hukanyaga, huacha mashimo ya nyayo na hukwangua udongo. Hapa palikuwa pameteleza kitu kipana, kizito, chenye tumbo laini. Aliufuata mstari ule. Ulipita kando ya uzio bila kuugusa, ukashuka hadi ukingoni mwa kidimbwi.

"Nani anaweza kuja hapa nyie mkiwa juu?" aliuliza aliporudi.

"Yeyote mwenye boti," Lorraine alisema. "Sasha Nikafor alikuja wiki iliyopita kutukana. Uzio unamzuia kupeleka boti yake juu kwenye mawindo. Alisema ataukata kwa msumeno."

"Alisema hivyo?"

"Alisema, na msumeno alikuwa nao mkononi."

Okalena alirudi kwenye boti. Alipopita karibu na uzio alimwona Dale kichwa chini, miguu juu, kama bata anayetafuta chakula. Alimpigia honi. Dale aliinua dole gumba bila kuinua kichwa.

Sasha Nikafor alikuwa na banda lake kwenye kona ya mto. Okalena alimkuta nyuma ya banda, chini ya turubai, akiwa amezungukwa na vipande vya injini ya boti vilivyotandazwa juu ya meza. Alikuwa mnene, mwekundu wa uso, na hakuacha kazi kumsalimia mgeni.

"Kama ni kuhusu uzio, nilisema nitaukata, na nitaukata," alisema.

"Umeukata?"

"Ningeukata ungesikia. Ningeukata mchana kweupe, nikipiga honi, nikimtaja Dale kwa jina. Mimi nifanye jambo kama hilo kwa kujificha? Nipate faida gani kama hakuna anayeniona?"

Okalena aliinamia meza. Buibui alikuwa amefunga nyuzi zake kutoka kwenye propela hadi kwenye tangi la mafuta, na nyuzi zilikuwa zimeshika vumbi.

"Injini iko hivi tangu lini?"

"Tangu nilipotoka kuwatukana. Niligonga jiwe njiani. Nangoja kifaa kutoka mjini." Sasha alimtazama kwa hila. "Kwa nini? Uzio umekatwa?"

"Haujakatwa."

"Hasara." Akafuta mikono kwenye suruali. "Basi kama umetoka huko kutafuta wahalifu, nitafutie na sleji yangu. Ile ya plastiki, nyeusi, ya kuburutia mizigo kwenye theluji. Ilikuwa imeegemea hapo ukutani."

"Imeibwa?"

"Haikuibwa, imeazimwa. Bibi Agrafena alipita na mwanawe kwa boti, akasema anaitaka. Nikamwambia, bibi, huu ni mwezi wa nane, theluji iko wapi? Akaniambia nisimfundishe majira. Nikampa. Utamnyima nini mwanamke aliyekukata kitovu?"

Okalena aliliacha swali alilokuwa akiliandaa. Alitazama mahali palipokuwa na sleji, akaona alama yake pana kwenye vumbi la ukuta.

"Una chai, Sasha?"

"Nina."

"Nitakunywa siku nyingine," alisema, akashuka haraka mtoni.

Kambi ya samaki ya Bibi Agrafena ilikuwa ng'ambo ya kambi ya mafundi, nyuma ya vichaka, chini kidogo ya uzio. Ilikuwa na hema moja, banda la moshi lisilotoa moshi, na kichanja kirefu ambacho hakikuwa na kitu ila kamba. Bibi mwenyewe alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akiponda mafuta na beri kwa mkono ndani ya beseni. Hakuinua kichwa.

"Umekula?"

"Nimekula, bibi."

"Uongo. Chukua bakuli."

Okalena alichukua bakuli. Hapakuwa na namna ya kumhoji Agrafena mtu akiwa na tumbo tupu. Akutaq, ule mchanganyiko wa mafuta na beri, ilikuwa baridi na tamu, beri zikipasuka mdomoni, na wakati anakula macho yake yalizunguka kambi kwa utulivu. Sleji nyeusi ilikuwa imesimamishwa nyuma ya hema. Ilikuwa imeoshwa vizuri, ila chini ya ukingo wake, mahali ambapo kitambaa hakifiki, palikuwa na mstari wa kijivu na magamba mawili matatu yaliyong'aa.

"Uliza basi," Agrafena alisema. "Umeiangalia hiyo sleji mara tatu. Itaona haya."

"Ulikwenda kwenye shimo la mafundi?"

"Nilikwenda."

"Ukafanya nini?"

"Nikawatoa. Wewe ungefanya nini? Mama yako angekuwepo angenishikia upande wa pili wa kamba, na goti langu lisingekuwa hivi." Aliponda kwa nguvu zaidi. "Samaki ametoka baharini. Hakuitwa na mtu, amekuja mwenyewe. Amepanda, amezaa, amekufa. Kazi yake kaimaliza. Halafu mtu anamtia shimoni nchi kavu, anammwagia majivu juu kama jiko bovu. Mifupa yake isiporudi majini, yeye atarudi vipi? Wenzake wakimuuliza alipokelewaje huku, atawaambia nini?"

"Uliwaambia mafundi?"

"Nilimwambia mume wangu. Akasema ni amri ya Dale. Mume wangu ni mtiifu sana, sijui kaitoa wapi tabia hiyo. Wa kwanza hakuwa hivyo hata kidogo."

Okalena alitabasamu ndani ya bakuli. Maxim alizaliwa miezi michache baada ya mumewe Agrafena kufa, akapewa jina lake, jambo ambalo kijijini lilihesabiwa kuwa marehemu amerudi, na tangu siku hiyo bibi alimwita mume wangu, akamshonea viatu, akamgombeza mbele za watu kwa kutokuja kumsalimia.

"Ulivuka vipi mto?"

"Mwanangu alinishusha ng'ambo nikachume beri, akanirudia baadaye. Beri nilichuma. Hao nao niliwapitisha. Wote sikuweza, goti lilikataa."

"Na kwa nini kidimbwini, bibi? Kwa nini hukuwatupa kwenye mkondo?"

"Kuwatupa?" Agrafena aliacha kuponda. "Wametupwa mara moja, niwatupe tena? Nilitafuta mahali penye maji ya polepole nikawalaza."

"Ndiyo maana hawakuondoka. Wako palepale bado. Dale kawaona."

"Vizuri. Awaone."

"Bibi, sikiliza. Dale ameona samaki wasio na mikia chini ya uzio. Anadhani uzio una tundu. Jioni hii anafuta hesabu yote, nyavu hazitaruhusiwa. Na Maxim aliyesema uzio ni mzima anaonekana mwongo. Wanamwondoa kazini."

Mkono wa Agrafena ulibaki ndani ya beseni, umetulia. Kisha akautoa, akaupangusa kidole kimoja kimoja, akasimama kwa kushikilia mlingoti wa kichanja.

"Mume wangu wanamfukuza kazi?"

"Nisipopata ushahidi."

"Ushahidi ni mimi, na nimemaliza kuponda akutaq yangu. Washa boti."

"Subiri kwanza. Nikieleza jambo hili ni lazima nikutaje. Ofisi yao inaweza kusema umeingilia kazi yao. Wanaweza kukushtaki."

"Nitaje. Na ukiandika andika kwa herufi kubwa, macho yangu mabovu."

Walimkuta Dale ameketi juu ya jiwe karibu na uzio, amejifunika blanketi, midomo imekuwa ya bluu. Maxim na Lorraine walikuwa wamesimama pembeni. Jua lilikuwa limeanza kuinama juu ya miti, na redio ya kambi ilikuwa imeletwa nje ikawekwa juu ya sanduku.

"Hakuna," Dale alisema kabla hajaulizwa. "Nimepita bomba kwa bomba, kwenda na kurudi. Pana mwanya mmoja ng'ambo, nimejaribu kusukuma samaki mfu apite, hakupita hata kwa mabavu. Na sielewi. Ningekuta tundu ningeelewa."

"Hukulikuta kwa sababu halipo," alisema Okalena.

Alimweka mbele yule dume wa asubuhi, akamfungua matamvua. "Majivu. Mtoni hakuna majivu. Shimoni yapo." Akaweka mkia kando yake. "Mkia umelala pamoja na mwili. Huko juu mnaviacha mbali mbali, shimoni viko pamoja. Majani yamelala kutoka shimoni hadi kidimbwini, na mstari unapita kando ya uzio. Hawa wafu hawakupita katikati ya uzio, Dale. Waliuzunguka kwa nchi kavu."

"Wamebebwa."

"Wameburutwa kwa sleji."

"Na nani?"

"Na mimi," Agrafena alisema. Alikuwa ameshuka botini bila kusaidiwa na amesimama mbele ya Dale, kichwa chake kikimfika kifuani japokuwa Dale alikuwa ameketi juu ya jiwe. "Wewe ndiye unayemfukuza mume wangu?"

Dale alimtazama bibi, akamtazama Maxim, akamtazama Lorraine aliyekuwa ameng'ata mkono wa shati lake asicheke.

"Baadaye nitakueleza," Lorraine alimwambia.

"Bibi," Dale alisema, "kama jambo hili lilikuudhi, kwa nini hukuja kuniambia?"

"Ulikuja lini kunisalimia nikuambie? Kiangazi kizima ndege yako inapita juu ya hema langu. Siku moja kofia yangu iliruka."

Dale alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, na jambo la haki lilipomfikia alilipa muda wake. "Wote uliowahamisha walikuwa wametoka shimoni? Hakuna uliyemchukua kwingine?"

"Kwingine wapi? Wa majini wako majini tayari."

"Basi walikuwa wamekwisha kuhesabiwa. Hakuna kilichoongezeka, hakuna kilichopungua." Alisema hivyo kwanza kwa sauti ndogo, kama mtu anayejijaribu, kisha akarudia kwa sauti kubwa. Akasimama, blanketi likaanguka. "Maxim, habari ya dubu unayodhani anakula kambini unaniambia siku hiyohiyo. Umenielewa? Kwa hilo nimekukasirikia."

"Nimekuelewa."

"Kwa uzio nilikosea. Ulisema ni mzima, na ni mzima."

Maxim akageuka kutazama mto kama aliyeona kitu muhimu sana huko.

"Na bibi?" Okalena aliuliza. "Niandike nini?"

"Magamba na vijiwe vimekwisha chukuliwa," Dale alisema. "Hivyo ndivyo vyetu. Mizoga si mali ya ofisi. Sina cha kumshtakia mtu."

Akachukua redio. Aliita ofisi, akataja jina la mto na idadi. Sauti ya mjini ikauliza kama ana uhakika, maana asubuhi alisema kuna tatizo la uzio.

"Afisa wa kijiji amechunguza, na mimi nimezamia," Dale alisema. "Uzio ni mzima. Hesabu inasimama."

Redio ikakwaruza. Lorraine alikuwa ameshika mkono wa Maxim bila kujua. Halafu sauti ya mjini ikasoma tangazo polepole: Jumamosi, kuanzia asubuhi, nyavu zitaruhusiwa mto mzima, kutoka uzio wa Atsaq hadi unapoingia kwenye mto mkubwa.

Mto mzima ulikuwa ukisikiliza. Kabla Dale hajaachia kitufe redio ilijaa watu. Mwanamke fulani wa kule chini alisema quyana, akashukuru tena na tena kama aliyesahau maneno mengine. Mzee mmoja aliuliza nani ana kamba ya wavu ya ziada. Sasha Nikafor alitaka mtu yeyote, mtu yeyote mwenye moyo, amletee kifaa cha injini kabla ya Jumamosi. Okalena alisikiliza sauti zote. Kisu cha mama yake kilikuwa bado kwenye droo ya jikoni, na itabidi akinoe.

Agrafena hakuisikiliza redio. Alikuwa amepanda peke yake hadi kwenye shimo, akichechemea, na sasa sauti yake ilitoka kule juu.

"Sasa hawa waliobaki?"

"Wachukue, bibi," Dale alimwambia. "Sitakuzuia."

"Sikuomba usinizuie. Nataka mikono!"

Sleji ilikuwa kwenye boti. Lorraine aliifuata huku akilalamika kwamba alichagua kazi mbaya. Dale, ambaye nguo zake zilikuwa zimeanza tu kukauka, alishuka ndani ya shimo na kuwapandisha wawili wawili, uso ameugeuza pembeni, na Okalena alikunja mikono ya sare yake akawapokea. Majivu yaliwapaka hadi viwiko. Walipofika chini, Agrafena alikuwa ameketi ukingoni akimwamrisha Maxim.

"Si hapo! Hapo nilikosea mimi. Kati, penye mkondo. Na hao wa kidimbwini uwatoe pia. Usimrushe, mlaze!"

Maxim aliingia mtoni hadi kifuani, chini ya uzio, na mmoja baada ya mwingine akawalaza juu ya maji yaendayo kasi. Kila aliyemwachia mkononi aligeuka mara moja, akaonyesha tumbo jeupe, akaondoka. Midomo ya Maxim ilikuwa ikitikisika.

"Unasema nini huko?" Agrafena alimwita.

"Nahesabu, bibi. Nimezoea."

"Acha kuhesabu. Hao wanakwenda kwao."

Akaacha. Akampokea mwingine kutoka mikononi mwa Okalena, akamlaza majini kimya, na mto ukamchukua.